Tofali la Juu Limekaa Nje ya Meza

Mbozi, katika baridi ya Juni

Kwa baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Na mama shikamoo yake aipokee hapo hapo jikoni alipo. Kabla hata sijauliza hali zenu: nimethibitishwa kazini. Nimeliweka juu kabisa kwa makusudi, maana najua anayekusomea ni Rajabu, na mdogo wangu huyo akiona barua ndefu huruka mistari. Hili asingeweza kuliruka. Sasa pumua, baba, kisha tuamkiane vizuri.

Mguu unaendeleaje? Umeacha kupanda jukwaa kama daktari alivyosema, au bado unawadanganya kina mama kwamba unakwenda kuangalia tu vijana wanavyojenga? Na Korogwe mvua zimewaachia barabara? Mimi ni mzima kabisa. Baridi ya huku bado sijaizoea. Asubuhi natoka kwenda kazini nimejifunga khanga mbili juu ya sweta na wanafunzi wananicheka, wao wanatembea kifua wazi utadhani ni Tanga. Sabuni madukani hakuna. Ikipatikana ni ile inayoletwa na watu wa Tunduma kutoka ng'ambo ya mpaka, na bei yake unaiuliza ukiwa umeshika ukuta. Lakini mahindi yapo, maharage yapo, na wazazi wa wanafunzi hawaniachi nilale njaa.

Barua yako ya mwisho niliisoma nikalia, sasa naweza kukwambia. Uliposema mjomba ameniulizia nafasi ya ukarani kwenye shamba la mkonge, nirudi nyumbani nikiwa bado na heshima yangu, nilijua umekwisha kunikatia tamaa, ila hukutaka kulisema. Na lile neno lako la uashi, kwamba tofali likivuka nusu nje ya ukuta halina wa kulishika, na mimi nimevuka nusu, lilinichoma. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu. Leo ninalo, na nitakueleza mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo mwambie Rajabu akae vizuri.

Habari ya ukaguzi wa kwanza unaijua. Mkaguzi alikuja muhula uliopita, akaketi nyuma ya darasa langu la Kidato cha Tano, akauliza swali moja, darasa zima likajibu kwa sauti moja, na likajibu vibaya. Akaandika kwamba mwalimu hajathibitishwa, atakaguliwa tena, na safari hiyo ikiwa hivi hivi basi. Hilo "basi" sikulala nalo vizuri. Hapa mimi ndiye mwanamke pekee anayefundisha hisabati, na wapo waliokuwa wanasubiri nishindwe ili waseme waliyokwisha kuyasema.

Swali lenyewe ni hili, na wewe utalielewa kuliko unavyodhani. Chukua kitu kizima. Ongeza nusu yake. Ongeza theluthi, ongeza robo, ongeza sehemu ya tano, ya sita, uendelee hivyo bila kuacha. Kila unachoongeza ni kidogo kuliko kilichotangulia. Je, jumla itafika mahali itulie, isivuke hapo kamwe, au itazidi kukua bila mpaka? Kazi yangu ni kuwafundisha vijana kupima: mfululizo huu unatulia, ule hautulii. Vipimo viko vingi, na mtihani wa taifa unavipenda sana.

Darasa langu linasema unatulia. Kinara wao ni kijana mmoja, Nzunda, mtoto wa mkulima wa kahawa wa Igamba, mpole, mwenye akili, na kichwa kigumu hakuna mfano. Yeye alikuwa na ushahidi wake.

"Mwalimu, sisi nyumbani tunaosha kahawa. Ukishaimenya ina ute. Maji ya kwanza yanatoa ute mwingi, ya pili yanatoa kidogo, ya tatu kidogo zaidi, mwisho unashika kahawa inakwaruza, ute umekwisha. Kitu kikipungua, kinafika mwisho wake."

"Basi, vipande vyetu hivi vinapungua kama ute?"

"Vinapungua, Mwalimu. Si ndiyo umeandika mwenyewe hapo ubaoni?"

Na darasa zima, baba, nusu yao wamelelewa kwenye maji ya kahawa, wakaitikia kwa vichwa. Nikawaonyesha ubaoni. Theluthi na robo ukizijumlisha zinapita nusu. Vipande vinne vinavyofuata, jumla yake inapita nusu. Vinane vinavyofuata navyo vinapita nusu. Nusu haziishi kuja, basi jumla itatuliaje? Wakanakili vizuri sana, kwa mwandiko mzuri, wasiamini hata herufi moja. Nilipowapa jaribio wakaandika tena kwamba unatulia. Nilikasirika nikatupa chaki, nayo chaki yenyewe haipatikani, ikabidi niiokote mwenyewe.

Sasa siku ya mkaguzi. Hakusema anakuja lini. Akaja siku ya kazi za mikono, wakati darasa langu lipo bondeni linafyatua matofali ya jiko jipya la shule. Mimi nipo nao, miguu ina udongo mpaka magotini, ninawakagulia matofali kwa jicho ulilonipa wewe. Nikaona mkuu wa shule anateremka mbio kwenye majani, mkono mmoja ameshika kofia, na nyuma yake mkaguzi mwenyewe na viatu vyake vinavyong'aa.

"Mwalimu," mkuu akasema huku anahema, "mgeni ana haraka, anataka kufika Tunduma leo. Warudishe darasani upesi."

Mkaguzi akatazama udongo, akatazama wanafunzi, akasema hapana haja. "Afundishie hapa hapa. Somo lile lile la siku ile."

Hapa bila ubao! Nikatazama kushoto, matofali. Nikatazama kulia, matofali. Mbele yangu meza ya kufyatulia. Ndipo likanijia jambo nililowahi kulisoma chuoni mara moja tu, sikuwahi kulijaribu kwa mikono: kwamba matofali makavu, bila udongo wa kushikisha, yanaweza kupangwa pembeni ya meza kila moja limesogea nje kidogo, na hatua za kusogea ni nusu ya tofali, robo, sehemu ya sita, sehemu ya nane. Yaani ule ule mfululizo wetu, umegawanywa kwa mbili tu. Ikiwa unatulia, mnara utafika mahali ukatae kwenda nje. Ikiwa hautulii, unaweza kwenda nje utakavyo.

Nikawaeleza hivyo. Nikachagua matofali yaliyokwisha kukauka, yaliyonyooka. Kisha, baba, nikafanya kosa ambalo mtoto wa muashi peke yake ndiye angelifanya: nikaanza chini. Maisha yangu yote nimekuona unaanza chini! Tofali la kwanza nikalisogeza nusu nje ya meza. Nikaweka la pili juu yake, nikalisogeza robo, nikaachia. Yote mawili yakaanguka, na moja likapasuka mbele ya viatu vya mkaguzi, vumbi jekundu likampanda mpaka kwenye suruali.

Mkuu wa shule akafumba macho. Nzunda, kwa huruma kabisa, si kwa ubishi, akasema taratibu, "Umeona, Mwalimu? Inafika mwisho wake."

Nilitamani ardhi inimeze. Niliona ukarani, niliona mkonge, nilikuona wewe unanipokea stendi bila kunilaumu, jambo ambalo lingeniumiza kuliko lawama. Nikainama kuokota vipande ili nisionekane macho. Na hapo nimeinama ndipo nikaliona kosa. La chini linabeba yote, litawezaje kupewa nusu nzima? La juu halibebi kitu. Nusu ni yake yeye. Mpango wote ulikuwa sahihi, nilikuwa nimeugeuza miguu juu kichwa chini.

Nikasema, "Tunaanza na la juu." Mkaguzi akainua nyusi. Nikalaza matofali mawili, la juu nikalisukuma nje mpaka likataka kuinama, nikalirudisha nyuma kidogo tu. Nusu. Nikamwita Nzunda, nikamwambia yainue yote mawili jinsi yalivyo, usiyatikise, yaweke juu ya la tatu. Tukasukuma yote mawili pamoja mpaka yakataka kuinama. Rula ya mwanafunzi mmoja ikasema robo. Tukaongeza la nne chini yao. Sehemu ya sita. Kila tukiongeza chini, hatua inakuwa ndogo, lakini ipo. Haikuwahi kukosekana. Wanafunzi waliacha udongo wakatuzunguka.

Tulipofika la saba, tukaubeba mnara wote kwa mikono minne, mimi na Nzunda, tukauweka pembeni ya meza, tukausogeza nje kidogo, tukaachia. Ukasimama. Ulikuwa umeinama mbele, ukiutazama unaona kabisa kwamba sasa hivi unaanguka, lakini umesimama. Na lile tofali la juu, baba, lote zima, lilikuwa nje ya meza. Chini yake hakuna meza hata ukucha. Mkaguzi akachuchumaa na suruali yake ile, akapitisha mkono chini yake, akatafuta kama kuna msumari au kijiti. Hakuna.

"Na ukiongeza mengine?" akauliza.

Nzunda ndiye aliyejibu, anatazama rula kama mtu aliyeibiwa. "Inakwenda tu, mzee. Hatua ni ndogo, lakini haikatai. Yakiwepo matofali ya kutosha hili la juu linafika Tunduma."

"Linavuka mpaka bila kukaguliwa!" mwingine akadakia, na wote wakaangua kicheko, hata mkuu wa shule.

"Na kahawa yako?" nikamuuliza Nzunda.

Akafikiri. "Kahawa ni kweli, Mwalimu. Kila maji yanatoa nusu ya ute uliobaki. Nusu, halafu robo, halafu sehemu ya nane. Zile zinakimbia kupungua, haziwezi kuzidi ute wote uliokuwepo. Hizi za matofali zinapungua pole pole mno." "Kumbe si kupungua. Ni kupungua kwa haraka gani."

Nilitaka kumkumbatia mbele ya watu. Miezi nimelisema neno hilo ubaoni.

Lakini mkaguzi hakuridhika, na sasa namshukuru kwa hilo. Akachukua kijiti akaandika kwenye udongo mbichi mfululizo mwingine ambao sikuwa nimewafundisha: moja, ongeza robo, ongeza sehemu ya tisa, ya kumi na sita, ya ishirini na tano, na kuendelea. Akauliza, "Huu je?" Nzunda akachuchumaa akaanza kuvigawa vipande mafungu mafungu kwa kidole, mimi nikajizuia nisimsaidie.

"Robo na sehemu ya tisa hazifiki robo mbili, yaani hazifiki nusu. Hizi nne zinazofuata hazifiki robo. Nane zinazofuata hazifiki sehemu ya nane." Akainua kichwa. "Hii ni kahawa, Mwalimu. Siyo tofali."

"Ni kahawa!" darasa likaitikia.

Mkaguzi akanitazama mimi. "Ndiyo mnavyoita?"

"Kuanzia leo," nikasema, maana ndiyo kwanza nilikuwa nalisikia.

Akacheka, akajipangusa vumbi, akaondoka na Land Rover yake. Barua ya kuthibitishwa imefika wiki hii. Nilipoisoma niliketi kwenye ngazi ya ofisi nikaisoma tena tangu mwanzo. Jana nimewapa jaribio, na pembeni ya kila jibu wameandika kahawa au tofali. Nitawakataza kabla ya mtihani wa taifa, lakini bado kidogo.

Sasa nirudi kwenye neno lako. Umesema nimevuka nusu, sina wa kunishika. Baba, nimefikiri sana kuhusu mnara ule. Bibi alitoka milimani akateremka Korogwe, hajaenda mbali zaidi ya hapo maisha yake yote. Wewe ukamzidi kidogo, ukafuata ujenzi mashamba ya mkonge mpaka Muheza na kurudi. Mimi ndiye wa juu, sibebi mtu bado, nikapewa nusu nzima, na nimefika huku. Nikitazama chini sioni nyumbani. Lakini sikuruka, nimewekwa juu yenu, na ndiyo maana siku ile nimeinama kuokota vipande sikuanguka.

Wasalimie wote: bibi, umwambie maneno haya ya mnara polepole, mama, asiniletee tena pilipili ya kusaga ndani ya vitabu, na shangazi wa jirani anayeniombea dua kila Ijumaa, mwambie dua imefika. Rajabu kwa kusoma mpaka hapa nitamtumia kalamu.

Mguu ukipona, chukua matofali saba uyapange pembeni ya meza ya mama. Anza na la juu, baba, usije ukaanza chini kama mimi. Yakishasimama, pitisha mkono wako chini ya lile la juu, ukae hapo kidogo, halafu nenda kamwambie mjomba ile nafasi ampe mtu mwingine.

Ni mimi mwanao, niliyeko nje ya meza,

Mwanaidi