Pijo Yako Haijakufa, Baba

Baba,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Pijo yako, ile pikapu kuukuu, haijakufa. Najua inavyoamka, na nimenyamaza.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kwa Kiingereza nitaonekana kama naomba kazi, na kwa Kipsigis nitalia kabla sijafika popote.

Siku ya mazishi yako vijana walihitaji nafasi ya hema. Wakaisukuma pikapu kutoka pale juu ulipokuwa unaipaki, pua ikitazama mtoni, wakaiweka chini kando ya zizi, kwenye tambarare. Walikuwa wanasaidia tu. Tangu hapo Baba Mdogo amezungusha ufunguo mpaka kidole kikamuuma. Kimya. Majirani wakipita wanasema, "Ilimjua mwenyewe. Imemfuata." Mama akisikia hivyo anaingia jikoni.

Wewe na mimi tunajua stata, ile ya kuiwasha kwa ufunguo, iliharibika zamani. Ulikataa kununua ingine. "Nchi yote hii ni milima, stata ya nini?" Wengine wote, hata Mama, walidhani unaiacha ishuke kwanza ili kuokoa mafuta.

Kesho watu wa vyuma vikuukuu wanakuja kutoka Silibwet na gesi ya kukatia. Baba Mdogo ndiye amewaita. Anasema hiyo ni sanduku, si gari. Mama hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema tu, "Kama haiwaki, itakaa hapo ikiniangalia mpaka lini?" Mimi nilikuwa nimeshika birika la chai, nikamimina mpaka ikamwagika kwa meza. Maneno yalikuwa hapa mdomoni, Baba. Unanijua.

Nimekumbuka kituo cha majani. Magunia yamejaa chai, lori la kiwanda limechelewa, na wanaume wameanza kujisifia magari yao. Odhiambo, yule fundi wa mashine kiwandani, na Probox yake: "Hii kitu inabeba ng'ombe, na ng'ombe anashuka akitabasamu!" Kamau wa duka la hadiwea na Fielder: "Heshima, mzee. Ukifika hotelini na Pijo wanakuelekeza mlango wa kuni." Wewe ndiye uliyecheka kuliko wote. Halafu ukawauliza kama mwalimu: taja kitu kimoja tu unachopenda kwa gari yako. Mmoja akasema redio, mwingine kamera ya nyuma. Ukasema, "Mimi napenda inavyopita kwenye shimo bila kuniambia."

Kisha ukanigeukia mbele ya watu wote. "Na wewe, Chebet?"

Nikatazama gambuti zangu. Hukunilazimisha. Ukawaambia, "Huyu jibu lake liko nyumbani."

Jibu lenyewe ni hili. Napenda gia kuwa kwenye usukani. Kwa sababu iko huko juu, hapo katikati hakuna kitu, kuna nafasi ya mtu. Nafasi yangu. Tukienda Kiptere kwa nyanya Gogo, wewe huku, Mama kule, Mama anamenya njugu ananiwekea mkononi, mimi nakupitishia, na mkono wako unabadilisha gia mbele ya magoti yangu. Kwa Fielder ningekaa nyuma peke yangu kama mzigo. Kamau hajui hiyo. Ningemwambia siku ile kama ningeweza.

Na siku za ukungu, tukishamaliza kuchuma, ulinipa usukani kwenye ile njia ya katikati ya chai. "Gia ya pili. Kanyaga klachi. Achia breki, iache ishuke yenyewe, usiiharakishe. Ukisikia upepo sikioni, achia klachi." Ikakohoa. Ikashika! Ulipiga mlango kwa kiganja kama mtu aliyeshinda mbio. Halafu ukasema, "Mama yako asijue, ataniua kabla ya siku zangu."

Tulicheka sana na hilo neno. Sasa siwezi hata kuliandika vizuri, ona mwandiko.

Nilijiambia nanyamaza kwa sababu ulinikataza kusema. Si kweli yote. Naogopa ile sauti. Naogopa itawaka, Mama atatoka mbio jikoni akidhani ni

Siimalizi hiyo. Atatoka, na atakuta ni mimi.

Lakini wakiikata, hakuna mtu atajua kulikuwa na mahali pangu. Na mimi siwezi kuisukuma peke yangu kurudi juu. Lazima niombe watu. Lazima nifungue mdomo, na siku iliyobaki ni leo tu.

Karatasi hii imeshinda chini ya godoro, naitoa, nairudisha. Mama amemaliza kukamua. Namsikia akifuta gambuti kwenye nyasi, sasa yuko kwa veranda, ndoo ameiweka chini. Anakuja huku.

Siifichi, Baba. Naiacha mezani hapa karibu na dirisha. Kama ulimi wangu utakataa, macho yake yatasoma. Nisamehe kwa kuifichua siri yetu.

Nakuahidi tutawaita wale wale vijana wa hema waisukume mpaka juu, pua itazame mtoni. Mama atakaa upande wake. Mimi nitakaa kwako, kwenye usukani. Pale katikati tutaacha wazi.

Pumzika, Baba. Nikisikia upepo sikioni, nitaachia klachi.

Chebet wako