Katuni Kumi na Moja za Mwenyekiti

Jumatatu, 3 Machi
Mwenyekiti wa chama cha wachoraji kapiga simu asubuhi. Wanaandaa maonyesho ya kumkumbuka mume wangu. Eti, "Shemeji, yule alikuwa ndugu yangu wa damu."
Ndugu! Mwaka jana yeye ndiye aliyepanga picha ukumbini, na katuni za ndugu yake akazitundika nyuma ya mlango. Mlango ukifunguliwa, zinafunikwa. Mume wangu alikaa pale siku tatu kwenye kiti cha plastiki, akiurudisha mlango kila mtu akipita. Mwezi uliofuata akalazwa. Kitandani aliniuliza kama kuna aliyeziona. Nikabadili mazungumzo.
Nimejibu: nashukuru, shemeji.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefungua droo zake. Bado zinanuka ufutio. Alikuwa akipuliza vumbi lake, linaingia kwenye chai yangu, naye anaapa ni sukari.
Chini kabisa, bahasha ya kaki. Katuni kumi na moja, zote za Mwenyekiti. Yuko juu ya ngazi anapandisha picha yake, wenzake wameshika ngazi na wengine wameshikana mashati. Anapima kwa futi ili picha ya jirani isizidi yake. Anaitazama picha yake mwenyewe — na picha inapiga miayo.
Nimecheka mpaka nikalia.
Wifi yangu kaziona. Hajapenda. Kasema nitamwaibisha mzee wa watu, marehemu asingetaka.
"Wifi, aliyechora ni marehemu."

Jumanne, 11 Machi
Nimezipeleka ukumbini zikiwa kwenye fremu, nimezifunga kwa karatasi. Nilijua Mwenyekiti hatazifungua. Huyu hajawahi kutazama kazi ya mtu. Kauliza upana tu, na ngapi. Kisha kaamuru ziwekwe ukuta wa mbele, zifunikwe kitambaa, maana hapo ndipo atakaposimama na mgeni rasmi.
Alipoondoka, fundi wa kutundika alifungua. Katazama ya kwanza, ya pili, kaniangalia.
"Mama, nipige misumari mirefu?"
Nikamwambia mirefu kabisa.

Jumamosi, 15 Machi
Kitambaa kimeanguka saa nne. Mtu mmoja kacheka puani, halafu ukumbi mzima.
Nilikuwa nimesimama mahali pa kuuona uso wa Mwenyekiti vizuri. Miezi saba nimeungoja uso huo.
Akacheka kuliko wote. "Huyu ni mimi! Kaniweza!" Kapigwa picha mbele ya kila katuni, mkono kiunoni. Katika hotuba kasema msanii asiyechorwa katuni bado hajafika. Ukumbi ukapiga makofi.
Kisha wachoraji wakaanza kunijia, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini. "Mama, mimi hakunichora hata kidogo?" Yule anayechora mandhari kaniomba nikatazame tena droo. Watu wazima na mvi zao.
Mwenyekiti kaja mwisho, amejaa kama puto. "Shemeji, kumbe alinichora mimi peke yangu?"
Ilikuwa kweli. Peke yake.
Nikasema, "Hapana, shemeji. Wapo wengine. Wengi tu. Na hao aliwachora kwa moyo."
Hapo ndipo nilipouona ule uso. Uliporomoka wote, hadi mashavu. Nikaaga kwa adabu nikaja zangu. Nimelala vizuri mchana.

Jumapili, 16 Machi
Kapiga simu saa moja asubuhi. Hakulala. Anakuja kuziona hizo nyingine, na wenzake sita wamesikia, wanakuja naye. Kila mmoja anataka kujua yeye ni wa ngapi.
Wifi kaniuliza nitawaonyesha nini. Droo tupu. Nimemwambia achemshe chai ya watu saba.
Nimekaa kwenye meza ya marehemu. Penseli nimeichonga. Mimi hata kuku sijui kuchora. Nimechora duara moja, nikaongeza masikio. Anaweza kuwa yeyote.
Wanaegesha gari nje. Wanabishana nani atangulie kuingia. Nimeongeza pua —