Raba ya waipa na masale ya Mzee Nikodemo

Sylvanus, leo Jumamosi tarehe 18 Aprili nimejiaibisha ukweni kabla hata hapajawa ukweni.

Nilikuwa napanda Kilema kwa Mzee Nikodemo kumposea mwanangu Given binti yake. Mvua ikashuka. Waipa ikapiga mara mbili, raba ikachomoka, kikabaki chuma kinakwaruza kioo.

Na raba nimenunua juzi! Wakubwa wanaacha takataka ziingie nchini kwa sababu wao wanaendeshwa.

Nikakata ganda la mgomba nikalifunga kwenye waipa. Usicheke! Utomvu ukapaka kioo chote, sioni hata boneti.

Marehemu mke wangu Kornelia angekuwa hai angenikagulia raba kabla ya masika. Sasa nani wa kunikumbusha?

Nikaingia getini kwa kukisia. Kumbe siyo getini, nimepita juu ya masale, ile mimea aliyoipanda kuonyesha mpaka wake. MASALE, Sylvanus!

Mzee akatoka na mwavuli. "Baba Given, umekuja kuposa au kulima?"

Nikajua hapa dawa ni isale tu, jani moja la mmea huohuo, maana kwa Wachaga ukiombwa msamaha kwa isale hukatai. Nikainama, nikachuma moja, nikampa kwa mikono miwili.

Akaligeuzageuza. "Hili si langu?"

Nikageuka kuangalia matairi yangu.

"Nakuuliza, Baba Given. Hili si langu, ulilolikanyaga sasa hivi?"

Akaingia nalo ndani, akafunga mlango. Nusu saa sasa nimekaa garini.

Hebu niambie, wewe umekulia huku: isale la mtu mwenyewe, ukimrudishia, linahesabika?