Kitanda cha Nyangi

Suguti, Musoma
12 Juni 1976

Dada Dorotea,

Nyangi amezalisha! Binti yangu, kwa mikono yake mwenyewe, hapa dispensari ya kijiji chetu, mchana kweupe, siku ya gulio, na soko zima limesikia mtoto akilia! Mama mzima, mtoto mzima. Nimeona hilo litangulie, salamu zitanisamehe.

Haya, sasa shikamoo, dada yangu. Habari za hapo Buhemba? Kifua cha shemeji Clementi kimepata nafuu, au bado anakohoa na kukataa dawa? Sisi huku ni wazima. Baba Selestina anakusalimu sana. Pamba yake mwaka huu imechanua mpaka watu wanatoka Bunda kuja kuitazama, lakini hayo nitakueleza siku nyingine, maana leo ni siku ya Nyangi.

Unakumbuka alivyokwenda kozi ya ukunga Musoma mjini, watu wakasema eti amekwenda kutafuta mume wa ofisini. Dada, amerudi na cheti! Ana yunifomu nyeupe yenye mkanda, na akivuka uwanja wa ofisi ya kijiji utadhani Landrova ya serikali inapita, kila shingo inageuka. Ana kile kipembe cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, ana mashine ya presha, na kitanda cha kuzalia amekisugua kwa dawa mpaka kinang'aa. Kwa Mama nani tena kumetoka mtoto kama huyo? Niambie.

Sasa sikiliza taabu yake. Kitanda kilikaa kitupu. Wajawazito walikuwaga wanakuja kliniki, wanapimwa, wanapokea vidonge vya kuongeza damu na kushukuru vizuri, lakini uchungu ukiwashika wanabaki nyumbani. Mila yetu unaijua: mwanamke ambaye hajazaa hampokei mtoto wa mwenzake. Mama Mseti, ambaye ametupokelea watoto sisi wote tangu hatujahamia kwenye vijiji vya ujamaa, alisema palepale gulioni kwamba hana ugomvi na Nyangi, ila Nyangi akazae kwanza ndipo aje kufundisha wakubwa. Wanawake wakapiga makofi kwa kicheko. Mmoja akadakia eti kumpelekea Nyangi mzazi ni sawa na kumkabidhi mtumbwi mtu ambaye hajawahi kulowa hata miguu. Mimi nilikuwa nauza sato wangu hapo hapo. Nusura nimtandike na samaki.

Kicheko kilikwisha mwezi wa Machi. Mke wa Magige alijifungulia nyumbani, mtoto akatoka salama, lakini damu ikakataa kusimama. Walipomkumbuka Nyangi, yule mama alikuwa ameshapoa mikono. Tulimzika pembeni ya mihogo yake. Nyangi alikuja kukaa jikoni kwangu na yunifomu yake imelowa damu, akawa anarudia jambo lilelile, kwamba sindano ya kuzuia damu alikuwa nayo kabatini, alikuwa nayo, na hakuna aliyemwita mapema. Nikamsugulia yunifomu.

Baadaye Mwenyekiti wetu, Bwana Bernado, akamwita kwa upole akamwambia kwamba kama wanawake hawakitaki kitanda, itabidi aombe wilayani apelekwe kijiji kingine chenye kumhitaji. Kumhitaji, dada! Kana kwamba sisi hatufi.

Basi, hapa kijijini kulikuwa na mwanamke mmoja, mtu mzima, mwenye binti aliyeolewa na wajukuu wa kutosha. Akashika mimba. Aibu yake unaijua mwenyewe: binti akishaanza kuzaa, mama yake anafunga uzazi. Huyo mama akawa anajifunga vitenge viwili, anakwenda kuchota maji kabla wenzake hawajaamka, na kliniki hakutia mguu. Alishaamua kwamba siku ikifika atajua la kufanya peke yake.

Nyangi alimgundua kwa miguu yake kuvimba. Viatu vya plastiki vilikuwa vimekataa kuingia. Akambonyeza muundi kwa kidole gumba, shimo likabaki kama kwenye ugali. Akampima presha, akamwambia wazi kwamba presha ya namna hiyo inaleta kifafa cha mimba, na kifafa hakimwulizi mtu ana wajukuu wangapi. Akampeleka Musoma kwa daktari, watu wakaambiwa ni safari ya kusalimia ndugu. Akapewa vidonge, presha ikashuka, ikapangwa arudi kuzalia hukohuko hospitali. Lakini uchungu ulimwahi, siku ya gulio. Kwa ombi la Nyangi, Mwenyekiti akatuma mtu kuita gari. Gari halikuja. Yule mama alikuwa na njia mbili mbele yake: kibanda cha Mama Mseti, ambako asingeonwa na mtu, au kukatiza soko zima na tumbo lake mpaka kwenye kile kitanda.

Alikatiza soko. Vitenge alivivua, akabaki na gauni, kila mtu akaona.

Dada, nimezunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mwanamke huyo ni mimi, mdogo wako.

Pale kitandani ujasiri wote uliniisha. Nilimwambia Nyangi siwezi kujifunua mbele ya mtoto niliyemzaa. Akaniuliza kama nataka azalishe amefumba macho. Nikacheka na uchungu hapohapo! Kutazama mlangoni, nikamwona Mama Mseti amesimama, khanga mdomoni. Nilidhani amekuja kutusuta. Akaingia, akanawa mikono kwa sabuni kama Nyangi alivyomwelekeza, akanishika mgongo, akaniambia niache kumhutubia mkunga, nisukume. Mtoto akatoka na kelele zake. Ni msichana. Presha yangu Nyangi anaipima kila asubuhi, na ananigombeza kwa chumvi kana kwamba yeye ndiye mama.

Juzi mke wa Enoka naye amejifungulia pale. Aliyemleta kwa mkono ni Mama Mseti. Nyangi hahami tena, Mwenyekiti ameshasema.

Lililobaki ni wewe. Siku binti yangu Selestina alipojifungua mtoto wake wa kwanza, ulinichukulia mbeleko yangu mbele ya akina mama wote, ukasema nimemaliza kazi. Ulifanya ilivyo desturi, sikulaumu. Lakini sasa namfunga mtoto mgongoni kwa kitenge cha kuazima, na midomo ya watu inakusubiri wewe ndipo ifumbe au ifunguke. Kwa hiyo jina hatujampa. Jina utalitoa wewe.

Msalimie shemeji, mwambie dawa ameze. Wasalimie na watoto. Selestina atatoka Kamunyonge na wanawe wote, Mama Mseti ameahidi kupika, na kitoweo baba Selestina ameshakichagua zizini. Tunamtoa mtoto nje siku ya Saba Saba. Njooni wote, na mbeleko yangu uje nayo.

Ndimi mdogo wako mwenye fahari,
Helena, mama Selestina, mama Nyangi mkunga