Kwenda Saba, Kurudi Sita

Laurian, rafiki yangu,

Nakuandikia nikiwa Mwanza, nimekaa kwenye benchi uani kwa Mama Kabula, saa saba mchana, maana huu ndio muda pekee ninaoweza kuiona mistari ya daftari. Hata hivyo naikanyaga. Ungekuwepo ungeuliza ni fundi cherehani gani huyu anayeshindwa kwenda sawa na mstari. Sema tu. Nimekuzoea, na leo ningefurahi kukusikia hata ukinisema vibaya.

Sijui nianzie wapi. Tangu ulipokwenda kichwa changu hakijatulia. Kuna jambo nalielewa asubuhi, ikifika mchana silielewi tena. Basi naanza na daftari lako, kwa sababu ndilo lililotuvuruga wote.

Siku ya tatu ya msiba wako, watu wakiwa bado wamekaa kwako pale Nyamiaga, Mwalimu Evodius aliniita pembeni. Kama mwenyekiti wa klabu yetu ya drafti alitaka tuamue kama safari ya Mwanza ipo au haipo. Wewe ndiye uliyekuwa umepanga kila kitu: gari la kutupeleka kwenye mkutano wa wacheza drafti na bao, mahali pa kulala kwa siku tatu, na chakula cha njiani. Mkeo Gaudensia akatoa daftari lako kwenye sanduku la nguo. Mwalimu, unavyomjua, hawezi kusoma kimya. Akasoma kwa sauti ya darasani, wafiwa wote wakisikia.

Kwenda, watu saba. Kulala, watu saba. Kurudi, watu sita.

Tulihesabu vichwa, kila mtu kimoyomoyo. Klabu yetu ni watu saba na wewe ukiwemo. Ulikuwa umeandika maneno yale mwezi mzima kabla homa haijakushika, ukiwa mzima, ukibeba magunia na kucheka. Na sasa tumebaki sita. Mzee mmoja wa Mabawe alijivuta karibu na kusema alijua, huyu alijua. Jioni yake habari ilikuwa imeshafika sokoni, tena imeongezewa chumvi, kwamba ulivuka mpaka pale Kabanga ukaenda kwa mtu, akakutajia siku yako.

Mimi sikuamini hayo. Lakini pia sikuwa na la kuweka mahali pake. Wewe hukuwa mtu wa kukosea. Miaka yote hii tangu wakimbizi wavuke umekuwa karani wa ghala la chakula kule kambini, na hakuna aliyewahi kusema Laurian kaandika gunia moja zaidi au pungufu. Mtu wa namna hiyo haandiki sita akiwa anataka kuandika saba.

Gaudensia alinifuata jikoni siku watu walipotawanyika. Hakuwa analia. Aliniuliza hivi, na maneno yake nimeyabeba mpaka huku: "Shemeji, kama alijua, mbona hakuniambia?"

Nilimwambia hukujua. Akaniuliza nimejuaje. Nikasimama pale na kikombe changu cha uji kama mgeni. Akasema twende tu Mwanza, maana ulikwishapanga, na kama kuna mtu huko anayejua ile sita ni ya nini, nimletee jibu. Kwa hiyo usidhani nilikuja kucheza drafti. Nilikuja kwa sababu mkeo alikuwa hali chakula.

Safari yako ilikwenda kama ulivyoiandika, na hilo ndilo lililozidi kunichanganya. Uliandika kwamba lori la Masanja likishashusha mahindi kambini hurudi Mwanza tupu, na kwamba hatachukua nauli, atachukua mkungu wa ndizi. Alichukua mkungu wa ndizi. Uliandika tufike Lusahunga mapema, magari yanaposubiriana kuvuka pori la Biharamulo pamoja na askari kwa sababu ya majambazi. Tulifika mapema, tukayakuta magari yamepanga mstari. Hata mahali pa kununua viazi vya kuchemsha ulipaandika. Kila kitu kilikuwa sawa, kasoro wewe.

Wenzetu walipanda juu, nyuma ya lori. Mimi uliandika nikae mbele na dereva. Nilidhani ni heshima. Nilikaa pale mbele nikiwa nimekukasirikia, Laurian, nakwambia ukweli. Nilishaacha kufikiria mambo ya waganga, nikaanza kufikiria jambo jingine: kwamba ulitaka kubaki Mwanza. Kazi za kambini zinapungua, kila mtu anasema wakimbizi watarudishwa na maghala yatafungwa. Nikasema kumbe huyu alipanga kututoroka, atafute kazi mjini, atume barua baadaye. Miaka yote ya kukaa naye ubaoni, na hakuniambia. Nilikununia njia nzima, na wewe uko chini ya udongo.

Nilimuuliza Masanja kama uliwahi kumwambia kwamba hutarudi. Akasema kitu pekee ulichomwomba ni kwamba huyu mzee fundi asipigwe na vumbi. Nikajiambia dereva naye kachoka, hajui anachosema.

Kwenye kivuko cha Busisi wenzetu walishuka wakaenda ukingoni. Wote sisi ni watu wa milimani, ziwa kubwa namna ile wengine hawajawahi kuliona. Wakaniita nitazame. Nilitazama, nikasema ni kubwa kweli. Sikuona kitu, Laurian. Niliona weupe tu. Nimekuwa nikisema nimeona, nimeona, karibu mwaka wa pili sasa.

Sasa fika na mimi kwa Mama Kabula. Wenzetu walikuwa wananung'unika tangu tuliposhuka kwenye lori, kwamba mkutano uko chini mjini karibu na stendi, gesti ziko tele kule, sasa Laurian ametuleta huku kilimani kufanya nini. Vyumba ni safi na ni vya bei nafuu, hilo hawakukataa. Lakini tuliowakuta uani wote ni wauguzaji, watu wenye wagonjwa wao katika hospitali kubwa ya hapo juu. Mmoja ana mtoto, mwingine ana mama yake. Wanapika, wanafua, wanapanda kilima na vyombo vya chakula. Na sisi tumeingia na ubao wa drafti na mfuko wa vizibo vya soda.

Mama Kabula ni mama mnene wa makamo, hana haraka. Alitupa maji ya kunywa, akatuhesabu, akauliza: "Mgonjwa wenu ni yupi?"

Mwalimu akajibu kwamba hatuna mgonjwa, sisi ni wachezaji, na aliyepanga nafasi amefariki. Mama Kabula alikaa chini. Hakuwa amepata habari. Akakulilia kidogo kwa kitenge chake, kwa kuwa mumewe aliwahi kulala nyumbani kwenu mwaka ule wakimbizi walipoingia, gesti zote za Ngara zikajaa wazungu na madereva, na yeye alikuwa dereva asiye na pa kulala. Halafu akaingia ndani, akatoka na barua yako uliyompa Masanja amletee. Akampa Mwalimu asome. Na Mwalimu, unavyomjua.

"Tutakuja saba. Kurudi tutakuwa sita, mimi nikiwemo. Wa saba ni fundi wetu Tadeo, nakuomba abaki kwako mpaka macho yake yatazamwe. Nimekwishamwandikisha hospitalini. Usimwambie mapema, atatoroka."

Nilitaka kutoroka saa ile ile. Ila sikujua mlango uko upande gani.

Walijua wote, Laurian. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Nilidhani nimejificha vizuri. Drafti nilikuwa nacheza kwa vidole, napapasa kizibo kuona kama kimelala chali au kifudifudi, na mkinibana kwamba ukigusa umecheza, nasema nilikuwa nafikiria. Wewe ukaanza kutangaza kila kete unayosogeza, nimekuja kushoto, nimekula mbili, na mimi nikaona unanidhihaki, nikakununia wiki nzima. Kumbe ulikuwa unanionyesha ubao.

Mwalimu alinieleza mengine tukinywa chai. Ile suruali yako ya kaki niliyoitia kiraka, nilikishona kwa uzi wa kijani. Niliona ni kahawia. Ulikwenda nayo kanisani Jumapili nne, watu wanacheka, na ukawaambia atakayeniambia atacheza drafti na ukuta. Mke wangu naye alikuwemo. Alinifungia nguo za wiki mbili kwa safari ya siku tatu, nikamwambia wewe mama unafikiri nahamia, akakazana tu kukunja. Mlinipanga nyote nikiwa nimekaa hapo hapo.

Ungeniambia. Halafu nakumbuka kwamba mke wangu alipogusia hospitali mara moja tu nilikwenda kulala kwa kaka yangu. Nakumbuka nilivyopiga kelele kwamba yule jirani wa Mabawe alikwenda na jicho bovu akarudi na shimo. Basi sawa, ungeniambia ningekataa. Lakini ungeniambia.

Kwenye mkutano nilicheza. Siku ya kwanza nilikuwa na hasira, nikafungwa ovyo. Siku ya pili nilimwambia mpinzani wangu, mama mmoja wa Sengerema, kwamba sioni vizuri, naomba awe anatangaza kete zake. Ni mara ya kwanza nimeyasema maneno hayo mbele ya mtu. Akasema haya, mzee, hakuna shida. Akazitangaza zote kwa adabu na akanifunga kwa adabu. Klabu yetu imerudi na ushindi wa Mwalimu peke yake.

Juzi asubuhi wenzetu wameondoka na Masanja. Waliorudi ni watano. Niliwasindikiza mpaka barabarani, Mwalimu akaniuliza nina ujumbe gani wa nyumbani. Nikamwambia aende kwa Gaudensia kabla hajafika kwake. Amwambie hukujua. Amwambie katika wale sita wewe ulikuwemo, uliandika kwa mkono wako, ulikuwa unarudi nyumbani. Barua yako nimempa Mwalimu amkabidhi.

Lori lilipokwisha kwenda nikaanza kuchanganyikiwa upya. Sijui kama habari ile itampoza au itamuumiza zaidi. Mtu aliyejua akanyamaza, unaweza kumkasirikia, ukapata pa kushika. Mtu aliyekuwa anarudi na hakurudi, utamfanyaje? Nimekaa hapa siku mbili nikiwaza kwamba labda ningeacha ile sita ibaki kama watu walivyoisema. Halafu nasema hapana, mkeo aliniomba jibu, na jibu ndilo hilo. Sina uhakika. Wewe ndiye uliyekuwa unajua namna ya kumwambia mtu jambo, ingawa mimi hukuniambia.

Jana wamenitazama. Daktari ni mwanamke, ananisemesha taratibu kama mtu wa kwetu. Alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, wataanza na la kulia kesho. Nilimuuliza kama nitaona. Akasema wengi wanaona. Nikamuuliza na wachache je. Akanishika bega. Naogopa, Laurian. Mtu wa umri wangu kuogopa namna hii ni aibu, ila hapa uani kila mtu anaogopa jambo lake, kwa hiyo hakuna anayenishangaa. Cherehani ikinishinda sijui nitakula nini. Na sasa simjui mtu mwingine wa kumwambia hivyo.

Kuna kitu kimoja sijamwambia yeyote, na nakwambia wewe tu. Siku tuliyokuzika, waliponiita nitie udongo, sikuliona kaburi. Niliona wekundu tu mbele yangu, na vivuli vya watu. Nilitupa udongo nikasikia umeanguka kwenye majani. Mtu mmoja akanishika mkono, akanivuta hatua mbili, nikatupa tena. Watu wakadhani ni majonzi yamenizidi. Nilikuaga mahali ambapo hukuwepo.

Basi nakuahidi hivi. Wakinifungua kitambaa na jicho likawa linaona, sitaanzia nyumbani, sitaanzia cherehani. Nitashuka kwenye lori la Masanja hapo barabarani kwenu, nitapita shambani kwako peke yangu, bila mtu wa kunishika mkono, na nitaliona kaburi lako. Nikishaliona ndipo nitakuaga. Na wasiponiponya nitakuja vilevile. Nitamwomba Gaudensia anipeleke mpaka ukingoni, nipapase udongo wako kwa mkono, na ukisema ukigusa umecheza, nitakujibu ndiyo, nimecheza.

Pumzika, ndugu yangu. Jua limeanza kunikimbia kwenye karatasi.

Ni mimi fundi wako,
Tadeo