Viberiti Mezani kwa Baba

Shangazi yangu mpima matetemeko,

Shikamoo. Hapa sote wazima, na mimi nazidi kupendeza. Ungeniona ungewasahau wanao.

Kile kipindi chako cha redio tulikisikiliza kwa kinyozi. Kusema unajua, lakini shangazi, "mawimbi ya mtetemo" kwa watu wanaosubiri kunyolewa? Wakahamia kwenye mpira. Ila baba hajasahau ulivyosema humo kwamba nyumba za mtaa wetu zitaua watu, maana nusu yazo kajenga yeye. Anasema ulimvua nguo hadharani. Mwaka wa pili huu hataki hata utajwe.

Basi mimi niliyeishia darasa la saba nimekumalizia kazi. Juzi ardhi ilipotikisika kidogo, nilijenga mezani kwa baba vijumba viwili vya viberiti, kimoja nikakizungushia uzi kwa juu. Nikatikisa meza. Kisicho na uzi kikamwagika chote.

"Profesa wa viberiti huyo," mafundi wake wakacheka.

Baba hakucheka. Aliviokota kimoja kimoja, akavipanga upya, akatikisa mwenyewe. Mara tatu.

Jana asubuhi alisimamisha kazi kwenye chumba kipya cha bibi, kuta zikiwa zinasubiri bati tu. Akaniambia bila kunitazama, "Muulize dada yangu, huo mkanda wa zege wa kuzungusha juu ya kuta unataka nondo ngapi."

Jibu upesi, shangazi. Ila usiniandikie mimi, mwandikie yeye.

Ni mimi,
mwanao mwenye akili kukuzidi