Kifaa cha Vioo Viwili

Kitengela,
Jumapili, baada ya kanisa

Dada yangu mpendwa Nekesa,

Kwa heshima na taadhima, nikiwa nimesimama wima ingawa naandika nimeketi, natangazia ukoo wote wa Kimilili, kuanzia wewe mpaka yule kuku wako wa jicho moja, kwamba duka ninakouza simiti limepata mashine mpya ya kulipia. Ni nyeusi. Inatosha kiganjani. Mteja akishalipa inasema "asante" kwa sauti ya mwanamke aliyelala vizuri. Mkubwa wetu aliizindua Jumatatu kwa maombi, na fundi wa mawe aliyekuja kutafuta misumari ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitumia. Tulimpigia makofi mpaka akaona haya. Hiyo ndiyo habari kuu. Zilizobaki ni ndogo ndogo, nitazitaja nikipata nguvu.

Lakini wewe, u hali gani? Goti limekubali kupigwa kanisani, ama bado unaomba umesimama kama askari wa lango? Shemeji amepona kikohozi? Nasikia mvua iliwachelewesha kupanda. Sisi tuko wazima. Vumbi la huku linaingia nyumbani bila kubisha hodi, na maji ya mfereji yanakuja siku yanayotaka yenyewe. Mabinti zako wanakua: mkubwa amenipita kimo, mdogo amenipita akili. Mama yao Nashipai naye hajambo. Anakusalimia, ingawa hajasema hivyo kwa mdomo. Siku hizi haongei sana. Nitafika hapo.

Najua unauliza, mtu ako na simu mbili anaandikia nani barua? Kwa simu nilishakuambia jambo, na sasa nataka kulisema tena, na ninataka ulisome mpaka mwisho bila kunikatiza. Jirani yetu anakuja huko kwa harusi. Nitampa bahasha hii pamoja na kilo mbili za sukari, ili asiisahau.

Sasa ile mashine. Unaijua, Dada. Ndiyo ile niliyowahubiria Krismasi jikoni kwako mpaka ugali ukaungua.

Nilikutajia Mutua, yule Mkamba fundi wa simu ambaye kibanda chake kimeegemea ukuta wa duka letu. Jua likiwa kali na wateja wakiwa wachache, wengine husoma gazeti. Yeye husoma karatasi za vifaa ambavyo havijatoka. Alinifundisha kwamba kitu chochote kinachotoa mawimbi ya redio, hata kiwe kidogo kama kipande cha sabuni, lazima kwanza kipitie kwa wakaguzi wa serikali huko ng'ambo kabla ya kuuzwa. Wakaguzi wakimaliza, baadhi ya karatasi zao huwekwa wazi mtandaoni. Picha za kifaa chenyewe hufichwa mpaka kampuni iwe tayari, lakini mchoro wa mgongo huachwa, na vipimo, na ukubwa wa betri. Mutua huzisoma vile mchungaji anavyosoma nyayo: mnyama hajamwona, lakini atakuambia ni jike, ana mimba, na mguu mmoja unamuuma.

Siku moja akaniita. "Bwana Wanjala, wacha simiti, kuja uone maajabu!"

Nikaenda na vumbi langu. Kwenye simu kulikuwa na mchoro wa kitu cha mkononi, mistari tu, kama kazi ya mtoto wa darasa la pili.

"Kioo mbele," Mutua akasema. "Kioo nyuma. Spika hapa, spika huku. Niambie, mtu mmoja anatafuta nini mgongoni mwa simu?"

"Labda ni ya mtu hana imani na mbele."

"Wacha mchezo. Hii ni ya watu wawili wameangaliana. Mmoja anaongea ya kwao, mwingine anasoma ya kwao. Hii ni mkalimani, bwana! Mkalimani wa mfukoni!"

Kulikuwa pia na kipande kidogo cha kusoma kitu kwa kukigusa, na hicho kilitusumbua. Mkalimani anagusa nini? Mwishowe aliyetatua ni mimi, ndugu yako, mtu wa simiti. Nilisema hiyo ni salamu: wale wawili wanagusa kwanza, ndipo kifaa kinajua nani anaongea na nani. Mutua alinipa mkono. "Wewe ulikosea kazi," akasema. Dada, nilivimba.

Na unajua kwa nini nilivimba. Si kwa sababu ya Mutua. Ni kwa sababu ya mzee wa Bisil.

Baba yake Nashipai anajua Kiswahili cha soko la mifugo tu: bei, hapana, ongeza, huyu ni mgonjwa. Mimi nacho Kimaa changu kinaishia mlangoni. Nasema "Sopa," anajibu "Ipa," kisha tunaangalia mbuzi. Tulipooana na Nashipai, mzee alinipa kondoo, na kwao aliyekupa kondoo hamuitani majina tena. Mnaitana Paker, yeye kwako na wewe kwake, mpaka kufa. Miaka hii yote, neno refu tulilokuwa nalo pamoja ni hilo. Mengine yote yalipita kwa Nashipai, akiwa amekaa katikati yetu na birika la chai, akinitafsiria mzee na kumpunguzia mzee upuuzi wangu.

Ndipo mwaka jana mzee akamwambia, "Niko na neno na mume wako, na si la kupitia kwako."

Nashipai aliniambia tukirudi Kitengela. "Ni juu yangu," akasema. "Ingekuwa juu ya ng'ombe ningekuwa nimesikia tayari."

"Si aite ndugu yako mmoja atafsiri?"

"Amekataa. Anasema neno la binti yake haliwezi kupita mdomo wa mtu mwingine."

Alijitolea kunifundisha kila jioni, wasichana wakifanya kazi za shule. Nilijua kusema "leta maji" na "mbuzi mwekundu", kisha Mutua akaniita kuona maajabu, nikaacha. Wewe ulinikemea Krismasi, nakumbuka ulivyonielekezea mwiko: "Wanjala, watu wamekupa mke, wewe unashindwa kujifunza hata kuwaambia asante?" Nikakujibu kwamba sayansi iko njiani.

Basi nikamwambia mzee, kwa mdomo wa Nashipai, kwamba kuna kitu kinakuja, kinatosha hapa. Nikamwonyesha kiganja. Alikishika akakichunguza kana kwamba kitu tayari kimo ndani. Tangu siku hiyo, kila tukifika Bisil, kabla hata ya salamu, ananinyooshea kiganja chake kitupu.

"Imekuja?"

"Bado, Paker."

"Bado!" Anacheka mpaka lile pengo lake la mbele linaonekana. Wasichana wakaanza kumwita Babu Bado, naye akaitika.

Mutua naye hakuacha. Leo karatasi nyingine imeonekana katika nchi nyingine, kesho betri imeongezwa ukubwa. "Ni kwa sababu wazee wanaongea sana," akanieleza, nikaibeba hiyo mpaka Bisil kama habari njema. Tulikuwa tumeshaamua kwamba Kimaa kitakuwemo. Mchoro haukusema. Haukukataa pia.

Mvua ndefu zilipoanza, mzee akapigwa na stroki. Hayo unayajua. Alilazwa Kajiado, akatibiwa vizuri, akarudishwa nyumbani. Upande wa kulia haumtii, na maneno hayatoki, hata ya Kimaa. Anakutazama, mdomo unafanya kazi, kisha anachoka. Lakini mkono wa kushoto ni mzima. Tulipokwenda mara ya mwisho, aliponiona naingia bomani, aliuinua polepole akafungua kiganja.

Nikasema, "Bado, Paker." Ningesema nini tena?

Halafu ndiyo hiyo Jumatatu. Mkubwa alipofungua katoni niliitambua kabla haijatoka yote. Kioo mbele, ambacho naandikia bei. Kioo nyuma, ambacho mteja anasomea. Spika huku na huku ili sote tusikie asante. Na kile kipande cha kugusa, ambacho mimi niliita salamu, ni cha kadi ya benki. Nilimwita Mutua. Aliigeuza, akaigeuza tena, akaipapasa mgongo kama mtu aliyeletewa mtoto wa mtu mwingine.

"Pole, Wanjala," akasema. Akanirudishia, akaongeza, "Lakini betri tulipata sawa."

Tulicheka, Dada. Kisha akarudi kibandani kwake, na mimi nikahudumia mtu wa mabati. Kutwa nzima tunaangaliana na wateja, kifaa katikati yetu, kinatuambia sote wawili kitu kimoja.

Nisalimie shemeji, mwambie lile koti lake nililoazima bado liko hai. Nisalimie mama mdogo anayekaa na wewe, na mkweo mpya kama ameshazoea kelele zako. Msalimie mchungaji, na yule jirani wa ng'ambo ya mto aliyenifundisha kuendesha baiskeli na ambaye bado anadai nilimharibia. Waambie wote Wanjala yuko, ananenepa kidogo, anawakumbuka kila mahindi yakichomwa barabarani.

Hapa nilikuwa nimemaliza. Nilikuwa nimeanza hata kuandika jina langu. Nimelifuta, utaona alama.

Mzee alipolazwa ulinipigia simu ukaniuliza, "Lakini alikuwa ameshakuambia lile neno lake?" Nami nikasema, "Aliniambia. Tutaongea." Nilisema hivyo kwa sababu ulikuwa unalia, na kwa sababu nilikuwa na aibu. Sikujua Nashipai amesimama nyuma yangu na sufuria. Alienda akaiweka mezani.

Tangu siku hiyo amenyamaza. Si hasira. Anapika, anajibu akiulizwa, anawasuka watoto nywele. Jioni anakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akiangalia upande wa barabara ya Namanga, na mimi nazunguka nyumba nikitafuta taa ya kurekebisha. Nilidhani ni huzuni ya baba yake tu. Mpaka juzi Ijumaa, akikunja nguo, hakuinua macho, akaniuliza, "Baba Nafula, si ulisema Baba alikuambia?"

Nikasema ndiyo.

"Sasa mbona nimenyamaza na wewe unaniangalia tu?"

Nilimweleza juu ya mashine mpya ya dukani.

Leo jioni, wasichana wakienda mazoezi ya kwaya, nitakaa kwenye ile ngazi nimwambie ukweli. Nimeanza na wewe kwa sababu uko mbali na mwiko wako hauwezi kunifikia. Hivi ndivyo ilivyokuwa.

Ilikuwa siku ya soko Bisil, kabla ya mvua. Nashipai alikuwa ndani na mama yake, ambako mimi siingii, hiyo ni heshima ya kwao. Mzee na mimi tulikuwa nje, yeye kwenye kiti chake, mimi kwenye mtungi uliopinduliwa. Alikuwa ameshinda sokoni na mnunuzi mmoja wa mbuzi anayejua Kiswahili vizuri, na sasa naona alikuwa amemwomba maneno, moja hapa moja pale, bila kumwambia ni ya nini. Aliweka kikombe chini. Hakufungua kiganja siku hiyo.

"Paker," akasema.

"Paker."

"Huyu mtoto yangu. Huyu yako." Akavuta pumzi. "Yeye ikinyamaza, wewe hapana..."

Neno lililofuata likampotea. Alilitafuta. Aliangalia mbuzi kama mmoja wao amelimeza. Jasho lilimtoka hapa juu ya midomo, na midomo ikawa inalijaribu bila sauti, na lilikuwa linakuja, Dada, nililiona linakuja. Nilitakiwa kufanya kitu kimoja tu, kukaa juu ya mtungi. Lakini nilimwonea huruma. Na tena, acha niseme yote, niliona kwamba mzee akilisema mwenyewe namna hii, kwa taabu, kwa Kiswahili cha soko, basi kile kifaa changu kitakuwa kimekuja bure. Nikainua mkono kama mtu anayesimamisha gari.

"Ngoja, Paker," nikasema. "Usijisumbue. Kitu inakuja."

Akanyamaza. Akaniangalia kidogo. Kisha akafungua kiganja.

"Bado?"

"Bado."

Akatikisa kichwa, akacheka, akachukua kikombe chake, tukanywa chai.

Mdogo wako,
Wanjala